Usile wali na mchuzi peke yake

Leo utakula nini mchana?

Pengine utakula wali na mchuzi wa samaki. Pengine ni muhogo na dagaa. Pengine ni shelisheli la kuchemsha, au ugali na pweza. Vyakula hivyo vyote ni vizuri. Wali na muhogo vinatia nguvu. Samaki anajenga mwili. Lakini itazame tena sahani yako. Je, ina kitu chochote cha kijani? Ina kitu chekundu au cha manjano? Ina kitu kibichi kilichokamuliwa ndimu?

Kama hakuna, sahani yako haijatimia. Leo tuzungumze juu ya kitu hicho kinachokosekana, yaani kachumbari na mboga za pembeni. Hivi si vitu vya hoteli, wala si vya harusi tu. Unaweza kuvitengeneza nyumbani kwako kwa vitu vilivyo karibu nawe.

Mimi ni tabibu msaidizi katika kituo cha afya cha kijiji, upande wa kusini wa Unguja. Nilipopata cheti changu nilidhani najua kila jambo juu ya chakula bora. Nitakueleza jinsi nilivyofundishwa upya na watu niliokwenda kuwafundisha.

Siku moja ya kliniki ya wajawazito alikuja mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitano. Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima, na kumbe ametoka nyumba ya tatu tu. Nilimvuta ukope wa chini wa jicho. Ndani yake hamkuwa na wekundu. Viganja vyake pia vilikuwa vimepauka. Nilimpima damu nikapata 8. Damu ya mjamzito inatakiwa isipungue 11.

Nilimwuliza, “Dada, jana ulikula nini?”

Akajibu, “Asubuhi chai na muhogo. Mchana wali na changu. Usiku chai na mkate.”

“Na mboga?”

“Mboga ndiyo huyo changu, daktari.”

Usimcheke. Watu wengi hapa kwetu wanakula hivyo hivyo. Samaki ni kitoweo kizuri na huongeza damu kidogo. Lakini mama mjamzito anajenga damu ya watu wawili. Kitoweo hicho peke yake hakimtoshi. Mama mwenye damu chache akitokwa na damu kidogo tu siku ya kujifungua, anaweza kufa. Na mtoto wake anaweza kuzaliwa akiwa mdogo na dhaifu.

Nilimpa vidonge vya kuongeza damu. Nikampa na dawa ya minyoo, kwa sababu safura nayo hunyonya damu. Halafu nikamwambia maneno niliyoyakumbuka chuoni: “Ule saladi kila siku.” Akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Alikuwa mpole, hakutaka kuniuliza saladi ni nini.

Juma lililofuata nilifanya jambo ambalo nililiona ni la maana sana. Nilipanda gari mpaka mjini, nikaingia soko la Darajani, lile lililojengwa mwaka 1904. Nikanunua majani ya saladi, karoti, matango, kabichi na chupa ya mafuta. Siku ya kliniki nikaweka meza chini ya mwembe, nikaanza kukata. Kina mama walikaa wakitazama kimya. Nilijiona mwalimu hasa.

Nilipomaliza, bibi mmoja mtu mzima aliyekuja na mjukuu wake akasema, “Mwanangu, vitu vyako vizuri. Umevitoa wapi?”

“Darajani, bibi.”

“Na nauli yetu ya kwenda Darajani kila siku utatoa wewe?”

Kina mama wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini nilikuwa natokwa jasho. Halafu msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza swali ambalo sitalisahau. Alisema, “Daktari, maji uliyooshea umeyachemsha?”

Sikuyachemsha. Niliyachota kwenye pipa la nje. Mimi, ambaye kila siku nawahimiza watu wachemshe maji! Bakuli lile hatukulila. Tulilimwaga.

Yule bibi akanishika mkono. “Njoo,” akasema. Tukazunguka nyuma ya kituo. Hatukwenda mbali, labda hatua mia mbili. Akanionyesha mchicha uliojiotea penye jaa la zamani. Akasema wa hapo tusiuchume, bali tuchukue mbegu zake tuzipande mahali safi. Akanionyesha matembele kando ya shamba la viazi, na kisamvu kwenye kila muhogo. Boga lilikuwa limetambaa juu ya ukuta wa mawe na majani yake mapana. Palikuwa na kunde. Palikuwa na mnavu. Na kwenye ua palisimama mlonge, ule ambao wengine huuita mzunze. Mimi nilikuwa nikifungia baiskeli yangu hapo kila siku. Ni aina saba za mboga. Juu ya hayo palikuwa na mndimu, na mbirimbi, na mwembe ule ule niliouwekea meza yangu.

“Hii ndiyo saladi yetu,” akasema bibi. “Ila hii haili mtu mbichi yote.”

Maneno hayo ya mwisho uyashike sana. Nitayarudia.

Kwa nini majani?

Majani ya kijani kilichoiva yana madini ya chuma. Chuma ndicho kinachotumika kutengeneza wekundu wa damu. Majani hayo pia yana vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kushindwa kuona vizuri wakati wa magharibi. Akiachwa anaweza kupofuka kabisa. Vitamini A imo pia katika karoti, boga la manjano, papai lililoiva na embe lililoiva.

Lakini chuma cha majani ni kigumu kuingia mwilini. Kinataka msaada. Msaada wake ni ndimu. Ndimu, limau, chungwa, pera, embe mbichi, tungule na pilipili vina vitamini C, nayo hukifungulia chuma mlango. Kwa hiyo mchicha bila ndimu ni nusu ya faida. Kamulia ndimu baada ya kuipua, usiichemshe, kwa sababu moto huiharibu vitamini C.

Chai nayo hukifungia chuma mlango. Huyu mama wangu alikuwa akinywa chai pamoja na chakula, asubuhi na usiku. Sisemi uache chai. Nani ataniskiliza hapa Unguja? Nasema kunywa chai yako saa moja au zaidi baada ya kula. Vidonge vya damu usivimeze kwa chai, meza kwa maji.

Na nazi? Vitamini A inataka mafuta kidogo ndipo iingie mwilini. Tui la nazi lina mafuta. Basi wazee wetu waliotia tui katika mchicha walikuwa wanafanya jambo la sawa, ingawa hawakusoma chuo. Tia tui la kiasi tu, usizamishe mboga.

Utakula kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hesabu konzi tano za mkono wako. Mbatata, viazi na muhogo havihesabiwi humo, kwa kuwa hivyo ni vyakula vya nguvu.

Tuanze na usafi

Kabla sijakwambia namna ya kukata, nitakwambia namna ya kuosha. Hili nimejifunza kwa aibu, wewe lijifunze bila aibu.

Chakula kilichopikwa kimepita motoni. Viini vingi vya maradhi vimekufa. Kachumbari haikupita motoni. Kila kilichokuwa kwenye mkono wako, kisu chako, ubao wako na maji yako kinaingia tumboni. Mwaka 1978 kipindupindu kililipuka Zanzibar. Kimerudi mara nyingi tangu wakati huo. Mwaka 2015 na 2016 kilisambaa Unguja na Pemba na watu wengi waliugua. Kuna pia homa ya matumbo, kuhara damu, na mayai ya minyoo yanayoganda kwenye majani yaliyoguswa na kinyesi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Yaache yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Kama kuni ni chache, tumia dawa ya klorini ya kutilia maji. Wewe sasa unajua kusoma, basi soma karatasi ya chupa. Tia kipimo kilichoandikwa na ungoje muda ulioandikwa. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu na ubao kwa sabuni, hasa kama umetoka kuvitumia kwa samaki mbichi. Osha tungule moja moja ukizisugua kwa mkono. Suuza kwa yale maji uliyochemsha. Tango limenye.

Wengine husema, “Mimi natia ndimu nyingi, ndimu inaua viini.” Ukali wa ndimu hupunguza baadhi ya viini. Hauvimalizi. Usiutegemee.

Jambo jingine ni dawa ya wadudu. Kama shamba lako au la jirani limepigwa dawa, mboga ile isichumwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zimalizike. Maji hayaondoi dawa yote. Ukinunua sokoni huwezi kujua imepigwa lini, basi osha sana, na zile unazoweza kuzimenya zimenye.

Kachumbari ya fungu moja

Chukua tungule tatu, kitunguu maji kimoja na ndimu moja. Kata kitunguu vipande vyembamba. Kitie chumvi kidogo, kifikiche kwa mkono uliooshwa, halafu kisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Ukali utatoka na jicho halitalia mezani. Kata tungule juu yake. Kamulia ndimu. Kama una tango au figili, kata utie. Kama una kotimiri, tia. Pilipili ni hiari yako, lakini bakuli la watoto liweke mbali kabla hujaitia.

Chumvi nayo usiimwage. Mtu mzima asile zaidi ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, ukijumlisha iliyomo kwenye mchuzi na kwenye samaki mkavu. Wazee wenye shinikizo la damu watumie ndimu badala ya chumvi. Chumvi unayonunua iwe yenye madini joto.

Kachumbari hukatwa wakati wali unapakuliwa. Isikatwe asubuhi ikangoja mchana. Hapa nasema na wale wanaopika shughuli. Beseni la kachumbari lililokatwa alfajiri, likakaa kwenye joto mpaka watu wanatoka msikitini, hilo si kitoweo tena. Afadhali watu sita wakate kwa pamoja wakati wageni wanakaa. Iliyobaki usiiweke kesho.

Sasa labda tungule zimepanda bei. Wakati wa masika huwa hivyo. Je, utakula bila kachumbari? La. Hapo ndipo akili inapofanya kazi.

Embe mbichi inatosha peke yake. Imenye, ikwaruze au ikate nyembamba, tia kitunguu, chumvi kidogo na pilipili. Haihitaji hata ndimu. Kwa samaki wa kuchoma sijaona kitu kinachoishinda. Mbirimbi nazo zikatwe duara duara zichanganywe na kitunguu. Ni kali, kwa hiyo usile nyingi, na mwenye maradhi ya figo asizile kabisa. Kabichi changa ikatwe nyembamba kama nyuzi, itiwe chumvi, ifikichwe mpaka ilainike, halafu itiwe ndimu na karoti iliyokwaruzwa. Kabichi moja italisha nyumba ya watu wengi, na ukiondoa majani ya juu inakaa siku kadhaa bila kuharibika.

Chatini ya nazi unaijua. Saga nazi iliyokunwa pamoja na pilipili, ndimu na chumvi. Ukiongeza kotimiri au nanaa nyingi ndani yake, inakuwa ya kijani na faida inaongezeka. Tengeneza ya kula siku ile ile. Nazi iliyosagwa huchacha upesi katika joto letu.

Zisizoliwa mbichi

Sasa nayarudia maneno ya bibi. Kisamvu kisiliwe kibichi hata kidogo. Majani ya muhogo yana sumu. Ukiyatwanga vizuri kwenye kinu na kuyachemsha sana, chungu kikiwa wazi, sumu hiyo hutoka na mvuke. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa. Kisamvu kilichokatwa kwa kisu tu na kupikwa haraka si salama. Kikishaiva, tia tui na kunde ukipenda. Hicho ni chakula kamili cha pembeni.

Matembele, mchicha, majani ya maboga na ya kunde hayahitaji kazi hiyo yote. Yanataka moto mfupi. Yaoshe yakiwa mazima, kisha ndipo uyakate. Ukikata kwanza na kuosha baadaye, sehemu ya vitamini inakwenda na maji. Tia maji kidogo sana chini ya sufuria, funika, na ipua yanapolegea, rangi ikiwa bado ya kijani. Mboga iliyogeuka rangi ya udongo imepikwa kupita kiasi. Yale maji usiyamwage, changanya na tui. Kamulia ndimu. Basi.

Mlonge chuma majani machanga, yatoe kwenye vijiti, yapike kama mchicha au yatie ndani ya mchuzi wa samaki dakika za mwisho. Yana uchungu kidogo. Watoto hawatauona ukichanganya na boga.

Mnavu upikwe na watu wanaoujua. Kuna majani yanayofanana nao ambayo ni sumu. Jani usilolijua usilipike kwa kukisia. Muulize mtu mzima wa kijiji chako, kama mimi nilivyoulizwa na kuonyeshwa.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza mboga. Usimpe kachumbari. Pondea mchicha au boga lililoiva ndani ya uji mzito au mbatata iliyopondwa, pamoja na samaki aliyetolewa miiba, na uendelee kumnyonyesha.

Wewe wa maweni na wewe wa mjini

Msomaji wa Makunduchi au Jambiani ataniambia, “Kwetu ni mawe matupu, mchicha nipande wapi?” Swali la haki. Mwenzako wa upande wa Mwera au Kizimbani ana udongo mwingi. Wewe panda ndani ya gunia kuukuu au ndoo iliyopasuka. Itoboe chini maji yatoke. Jaza udongo uliokusanya kwenye mashimo ya mawe, changanya na samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi usiitie karibu na mboga. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukichuma vichwa na kuacha shina, unachipua tena. Kamba za matembele zipande mvua zinapoanza. Mlonge unaota kwa tawi, na mawe hauyaogopi. Adui yako mkubwa atakuwa mbuzi wa jirani, basi jenga ua kabla ya kupanda. Mimi nilijenga baada ya kupanda.

Na wewe unayekaa Mji Mkongwe katika chumba cha ghorofani, huna shamba, lakini pengine una dirisha au paa linalopata jua. Makopo matatu ya kotimiri, nanaa na pilipili yatatosha kuanzia. Mboga nyingine utanunua Darajani au Mwanakwerekwe. Ukienda jioni utakuta mafungu yamepunguzwa bei. Chagua yasiyolegea wala kuoza.

Tungule iliyopondeka upande mmoja usiile mbichi. Ipeleke kwenye mchuzi.

Mtu akishakula akaanza kuhara maji mengi, mpe maji yenye dawa ya chumvi chumvi upesi, na mpeleke kituo cha afya saa ile ile. Usingoje kesho.

Yule mama wa kwanza nilimwona tena baada ya miezi miwili. Alikuwa ameendelea kumeza vidonge vyake kila siku. Mboga hazichukui nafasi ya vidonge hivyo, na nilimweleza hilo wazi. Lakini alikuwa pia amehamisha chai yake, na kila mchana alikula konzi ya matembele au mchicha na ndimu. Damu yake ilikuwa 10 na nusu. Bado haijafika 11, lakini alikuja kliniki bila kuhema.

Alikuwa amenibebea fungu la majani ya maboga. Nilipolipokea nikaliweka mezani, nikachukua kisu. Akanizuia mkono.

“Daktari,” akasema, “osha kwanza.”